Sheria ya Karatasi na Maji ya Mto: Safari ya Serbia Inatufundisha Nini?

Tangu nchi yetu iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kuna neno ambalo tunalisikia mara kwa mara redioni na katika mikutano ya viongozi: kuoanisha sheria. Tunaambiwa kwamba sheria zetu za forodha, za biashara na za mazingira zinapaswa kulingana na za majirani. Wengi wetu tunaitikia kwa kichwa, kisha tunarudi nyumbani bila kujua kama neno hilo linahusu kwa njia yoyote lile bidoni la maji ambalo mama analijaza ziwani kila asubuhi.

Linahusu sana. Ili kulieleza, tumechagua nchi iliyo mbali nasi lakini iliyokaa katika kazi hii kwa zaidi ya miaka kumi. Nchi hiyo ni Serbia. Yaliyoipata yanaonyesha jambo ambalo makanisa yetu yanapaswa kulijua mapema: sheria nzuri inaweza kuandikwa yote, kupigiwa kura na kutiwa mhuri, na mto ukabaki mchafu vilevile.

Mgombea aliye mlangoni

Serbia iko kusini-mashariki mwa Ulaya. Ina watu wapatao milioni 6.6. Mji wake mkuu, Belgrade, umejengwa pale ambapo mto Sava unaingia katika mto Danube. Tarehe 1 Machi 2012 nchi hiyo ilikubaliwa kuwa mgombea wa Umoja wa Ulaya, na mazungumzo ya kuingia yalianza Januari 2014. Bado iko mlangoni.

Umoja wa Ulaya una nchi 27. Nchi inayotaka kuingia hupewa sheria zote za Umoja, ambazo zimegawanywa katika sura 35. Mgombea hachagui sheria anayoipenda na kuiacha asiyoipenda. Kinachozungumzwa ni lini atazifuata na kwa njia gani. Wakaguzi huketi na serikali yake, wakilinganisha sheria moja baada ya nyingine: hii mnayo, hii hamna, hii mnayo lakini ina mapengo.

Sura ya 27 ni ya mazingira na mabadiliko ya tabianchi. Ndani yake kuna sheria kubwa zaidi ya 200, zinazogusa hewa, maji, taka, misitu na wanyama, moshi wa viwanda, kemikali na hata kelele. Kwa Serbia sura hiyo ilifunguliwa Desemba 2021, pamoja na sura za uchukuzi na nishati. Wanaofuatilia mambo hayo huihesabu kuwa miongoni mwa sura ngumu na za gharama kubwa kuliko zote.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini umoja wa nchi ujisumbue na jalala la jirani? Kuna sababu mbili. Ya kwanza, maji na hewa havina pasipoti. Danube ikitoka Serbia inapita Romania na Bulgaria, ambazo zimo ndani ya Umoja, hadi Bahari Nyeusi. Uchafu wa aliye juu unakunywewa na aliye chini. Ya pili ni haki katika biashara. Kiwanda kinachomwaga sumu mtoni hakilipi gharama ya kuisafisha, kwa hiyo kinauza kwa bei ndogo kuliko kiwanda cha jirani kinacholipa. Soko likiwa moja bila sheria moja, mwaminifu ndiye anayefilisika.

Hatua tatu, na mahali ambapo wengi hukwama

Kuoanisha sheria kuna hatua tatu. Ya kwanza ni kuandika: bunge linatunga sheria ya nchi inayobeba yale yaliyomo katika sheria ya Umoja. Ya pili ni kutekeleza: kujenga mitambo, kuajiri wakaguzi, kununua vipimo, kutenga bajeti. Ya tatu ni kusimamia: anayevunja sheria anakamatwa, analipa faini, anasimamishwa, hata kama ni mkubwa au ni shirika la serikali yenyewe.

Hatua ya kwanza ndiyo rahisi, kwa sababu inahitaji wanasheria na karatasi. Serbia imepiga hatua huko. Ilipitisha sheria kadhaa za mazingira mwaka 2004, ikazirekebisha baadaye, ikatunga sheria ya tabianchi mwaka 2021, na mwaka 2024 ikapitisha sheria mpya ya kutathmini athari za miradi kwa mazingira.

Tuitazame sasa hatua ya pili. Sheria ya Ulaya inayoagiza miji isafishe maji machafu kabla ya kuyarudisha mtoni ni ya mwaka 1991. Belgrade ni mji wa watu wapatao milioni 1.7, lakini kwa miaka hii yote umeishi bila kituo kikuu cha kusafisha maji hayo. Maji ya vyoo na ya majiko yamekuwa yakiingia moja kwa moja katika Sava na Danube. Tatizo haliko katika maandishi. Kituo kama hicho, pamoja na mabomba yake chini ya mji mzima, kinagharimu fedha nyingi na miaka mingi. Mkakati ambao serikali yenyewe iliuandaa mwaka 2011 ulikadiria kwamba kufikia kiwango cha Ulaya katika mazingira kungegharimu zaidi ya euro bilioni 10 hadi mwaka 2030.

Na hatua ya tatu? Sehemu kubwa ya umeme wa Serbia hutoka katika mitambo inayochoma makaa ya mawe ya hali ya chini. Nchi hiyo ilikubali kwa mkataba kupunguza gesi za sumu zinazotoka katika mitambo hiyo kuanzia mwaka 2018. Kwa miaka kadhaa iliyofuata, gesi ya salfa ilizidi mara nyingi kiwango kilichoahidiwa. Kiwango kilikuwa kimeandikwa na vipimo vilikuwepo. Lakini serikali ilipaswa kuukemea mtambo wa serikali, tena katika majira ya baridi ambapo kila nyumba inahitaji umeme. Hapo sheria ikanyamaza, na watu wa karibu na mitambo wakaendelea kuvuta moshi.

Ndugu zetu wanaojua waraka wa Yakobo watalitambua jambo hili haraka. Yakobo anaonya juu ya mtu anayelisikia neno na kuondoka bila kulitenda, kama aliyejitazama kwenye kioo akasahau sura yake. Taifa nalo linaweza kufanya hivyo. Linasoma sheria yake, linajiona zuri, linaondoka.

Mto uliofungiwa ndani ya bomba

Kuna jambo jingine la Serbia ambalo si watu wengi wa huku wanalolijua. Wakati mwingine madhara huja kwa jina la mazingira yenyewe.

Ulaya inataka nchi zitumie nishati safi kuliko makaa. Serbia ikaanza kuwalipa bei nzuri wenye mitambo midogo ya umeme wa maji. Jambo lilionekana jema. Lakini mitambo mingi ya aina hiyo hujengwa kwenye vijito vya milimani: maji huchukuliwa juu, yakapitishwa ndani ya bomba kwa kilomita kadhaa, kisha yakarudishwa chini baada ya kuzungusha mashine. Katikati, kijito hubaki na maji kidogo au hukauka. Samaki hufa, na mkulima hupoteza maji yake.

Katika milima ya Stara Planina, karibu na mpaka wa Bulgaria, vijiji vilikataa. Huko kijiji cha Rakita, mto ulipokuwa umeingizwa ndani ya bomba, watu walipinga kwa muda mrefu, na mwaka 2020 baadhi yao wakaanza kulichimbua bomba lenyewe. Hatuandiki haya ili kumhimiza mtu achukue sheria mkononi. Tunayaandika kwa sababu yanaonyesha watu hufikia wapi wanapoona kwamba hawakuulizwa mwanzoni. Sauti yao ilifika: mwaka 2021 sheria ya kulinda maumbile ilirekebishwa ili kuzuia mitambo hiyo ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa.

Bonde la Jadar, magharibi mwa nchi, nalo lina habari inayofanana. Mwaka 2004 waligundua huko madini yenye lithiamu, ambayo hutumika katika betri za magari ya umeme. Kampuni kubwa ya Rio Tinto ikapanga kufungua mgodi. Wakulima wa bonde hilo waliogopa kwa ajili ya maji na mashamba yao. Mwishoni mwa 2021 maelfu ya watu walifunga barabara nchini kote, na Januari 2022 serikali ikafuta mpango wa mgodi. Julai 2024 Mahakama ya Katiba ikasema kufuta huko kulikiuka katiba. Siku chache baadaye Serbia na Umoja wa Ulaya wakatia saini makubaliano juu ya malighafi, na mwezi wa Agosti watu wengi sana wakajaa tena katika barabara za Belgrade.

Sisi watu wa mashariki ya Kongo tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Oktoba 2023 Umoja huo huo wa Ulaya ulitia saini na nchi yetu makubaliano ya aina hiyo juu ya madini yanayohitajika sana. Kiu ya betri imefika Jadar kama ilivyofika kwetu. Yule anayemwambia Mserbia atunze mito yake ndiye anayehitaji madini yaliyo chini ya mito hiyo. Hatusemi kwamba ni mnafiki. Tunasema kwamba aliyeko nje, hata akiwa na nia njema, ana haja zake mwenyewe, na hawezi kulinda kijito cha kijiji mahali pa wenye kijiji.

Kuulizwa kabla

Katika sura yote ya 27, kuna kifungu ambacho tungependa kila mzee wa kanisa akifahamu. Kabla mradi mkubwa haujaanza, mwenye mradi lazima achunguze utaleta madhara gani kwa maji, udongo, hewa na watu. Uchunguzi huo lazima uwekwe wazi, na wananchi wapewe nafasi ya kuusoma na kusema maoni yao kabla leseni haijatolewa. Kwa Kiswahili huitwa tathmini ya athari kwa mazingira. Wengi wetu huku tunaijua kwa jina la Kifaransa, étude d'impact.

Kifungu hiki kina hila zake. Mwenye mradi anaweza kuukata mradi mkubwa vipande vidogo, kila kipande kionekane hakina madhara. Anaweza kuweka tangazo mahali ambapo hakuna anayepita. Anaweza kuita mkutano siku ya kazi, kwa lugha ambayo wakulima hawaielewi. Kwa hiyo kuwa na haki ya kuulizwa hakutoshi. Lazima pawepo watu waliojiandaa kuulizwa.

Sisi je?

Jumuiya ya Afrika Mashariki si Umoja wa Ulaya. Kabla hatujaingia, wakaguzi wa Jumuiya walikuja nchini mwaka 2021, lakini hatukupewa mtihani wa sheria moja moja kama ule wa Serbia. Tuliingia kwanza, na kazi ya kuoanisha inafuata. Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 una sura ya 19 juu ya mazingira na mali ya asili, inayozitaka nchi wanachama zishirikiane kuyatunza. Tofauti hiyo ina faida na hatari. Faida ni kwamba hatukukaa mlangoni miaka kumi. Hatari ni kwamba hakuna anayesimama mlangoni kutuuliza kama tumetenda.

Na maji yetu, kama yale ya Danube, yanavuka mipaka. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, inapita kati yetu na Rwanda, kisha kati yetu na Burundi, mpaka Ziwa Tanganyika, ambalo tunalishiriki pia na Tanzania na Zambia. Chupa inayotupwa kwenye mfereji wa mtaani Bukavu, mvua inaipeleka ziwani, na ziwa linaipeleka kwenye bwawa la Ruzizi. Huko takataka za plastiki huziba mashine, na umeme unapokatika, watoto husomea mshumaa. Yaliyopita bwawani huendelea hadi kwa ndugu wa Uvira na wa Bujumbura. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawakemea kondoo wanene wanaokunywa maji safi kisha wanayachafua kwa miguu yao, wenzao wakibaki kunywa yaliyovurugwa. Huenda tulifikiri maneno hayo yanawahusu wafalme peke yao.

Sheria tunazo. Rwanda ilipiga marufuku sashe za plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Amri yetu ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe hizo ni ya Desemba 2017. Kwa karatasi, basi, tunalingana na majirani. Lakini kila mama anayerudi sokoni anajua amebeba chumvi ndani ya nini.

Katiba yetu, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inasema kwamba mradi wowote unaoweza kudhuru mazingira lazima ufanyiwe tathmini kwanza, na wananchi waulizwe kabla. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni ya mgodi iandikiane na jamii ile hati tunayoiita cahier des charges, na itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii hiyo. Ni mambo mazuri. Kama Serbia, tumevuka hatua ya kwanza, na tumekwama katika ya pili na ya tatu.

Tunajua kuna ndugu atakayesema: watu wako kambini, vita imetuchosha, ninyi mnazungumza juu ya mito na sashe. Tunamheshimu ndugu huyo, kwa sababu analia pamoja na wanaolia. Lakini aliyeko kambini anakunywa maji gani? Na siku amani itakapokuja, wenye fedha watakuja nayo kwa haraka, wakiwa na ramani na mikataba mkononi. Jamii ambayo haikujiandaa kuulizwa itaamka na kukuta mto wake umekwisha kuingizwa ndani ya bomba.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Kanisa si wizara wala mahakama. Lakini katika vijiji vingi, kanisa ndilo mahali pekee ambapo watu hukutana kila juma, husoma pamoja na kusikiliza tangazo mpaka mwisho. Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, ambayo hata parokia ndogo inaweza kuyaanza.

Kwanza, mradi ukitangazwa mahali penu, iwe barabara, mgodi, bwawa au kiwanda, wazee waulize swali hili kwa heshima na kwa maandishi: tathmini ya mazingira iko wapi, na sisi tutaisoma lini? Watunze nakala ya barua hiyo.

Pili, mkutano wa kuuliza wananchi ukiitishwa, tangazo lisomwe ibadani kwa lugha ya watu, na kina mama wawepo, kwa kuwa ndio wanaojua kisima kipi kilibadilika rangi na lini.

Tatu, tuandike tunayoyaona. Daftari la kanisa linaloandika ubatizo na ndoa linaweza pia kuandika tarehe ambayo samaki walikufa au mto ulibadilika. Ushahidi wenye tarehe ni mgumu kuufuta.

Nne, tuanze nyumbani mwa Bwana. Ikiwa baada ya ibada na sherehe uwanja wa kanisa umejaa sashe na chupa, hatuna kinywa cha kumwambia mkubwa yeyote atii sheria.

Wakulima wa Jadar na wanavijiji wa Stara Planina hawakuwa na cheo. Hawakungoja Umoja wa Ulaya uje kuwatetea. Walijua mto wao kwa jina, wakauliza maswali, wakauliza tena, mpaka sheria iliyokuwa kwenye karatasi ikaanza kuwasikia.

Tunawaomba ndugu wote wa Kivu, wa Ituri, wa Tanganyika na wa Maniema mzungumze juu ya jambo hili katika vikundi vyenu vya juma hili. Tuwaombee wanaotunga sheria, tuwaombee wakaguzi wasiolipwa mishahara yao, tuwaombee majirani zetu walio chini ya mto. Na Bwana aliyetuweka katika bustani hii ili tuitunze, atupe moyo wa kutenda yale tuliyokwisha kuyaandika.